Doa la Mzee Ladislas

Tangu siku aliyomsukuma baba yake, Nestori hakutulia. Waligombania mpaka wa shamba lao la Sibwesa, na mzee Ladislas akayumba, akajigonga kichwa mlangoni. Nestori aliomba msamaha palepale. Mzee akasema yameisha.

Lakini baada ya wiki mbili utosini pa mzee pakaonekana doa la zambarau, kama damu iliyovilia. Likapanuka mpaka kwenye paji la uso. Akijifuta, taulo linatoka na damu. Emelyne, dada yake Nestori, hakumlaumu kwa mdomo, ila aliacha kuitikia salamu zake.

Nestori alimpakia mzee kwenye pikipiki mpaka hospitali Mpanda. Madaktari wakakata kipande kidogo cha nyama kwenye doa, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Wiki tatu za kusubiri, Nestori alianza kuezeka banda akaliacha nusu, akashika jembe akaliweka chini. Kila asubuhi alikwenda kwa mzee kuangalia doa, akatoka, akarudi kuliangalia tena.

Majibu yalipokuja, Daktari Immaculata wa hospitali ile aliwaeleza mzee na wanawe wawili taratibu. Ilikuwa saratani adimu, inayoanzia kwenye ngozi nyembamba iliyo ndani ya mishipa ya damu. Ndiyo maana hufanana na jeraha la kuvilia damu, na husambaa upesi. Mara nyingi huwatokea wazee, kichwani.

Nestori alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Daktari, mimi nilimsukuma. Ndiyo imeletwa na hilo?"

"Hapana. Kujigonga hakuleti ugonjwa huu. Mliuona kwa sababu mlikuwa mnapaangalia pale."

"Kalikuwepo kadoa kadogo hata kabla ya ugomvi," mzee akasema.

Emelyne akamgeukia. "Sasa Baba, mbona ulinyamaza?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Ningesema, huyu angeacha kuja kila asubuhi."

Walikwenda Mwanza kwa tiba ya mionzi. Doa likafifia miezi minne, kisha ugonjwa ukaingia mapafuni. Mzee alifariki Januari, mahindi yakiwa bado mabichi.

Msibani, Emelyne alimkabidhi kaka yake karatasi ya wasifu wa marehemu aisome. Alipofika kwenye ugonjwa, Nestori aliacha kusoma. Aliwaambia waombolezaji kwamba aliwahi kumsukuma baba yake, kisha akawaeleza saratani ile inaanzia wapi, kwa maneno ya daktari, polepole, hata waliosimama nyuma wakasikia.