Kiungo Kilichobaki

...na utepe huu wa viungo unakaa juu kabisa ya ukurasa, nasema, popote mtu alipo anaziona tovuti zote tano, hospitali kuu, chuo cha wauguzi, maabara, kliniki ya macho, dharura, na sauti inayosema ni yangu, naisikia ikitoka imenyooka kama shati lililopigwa pasi, mkono unasogeza kipanya, na kule ukutani, tunakouonyesha ukurasa, neno Dharura linageuka kutoka bluu kuwa jekundu kama nilivyolipanga, wiki nzima nimehangaika na wekundu huo, usitishe watu lakini uonekane, na bosi wangu ananiitikia kwa kichwa, endelea, endelea, ananionea huruma bosi, tangu nirudi kazini anazungumza nami kama mtu anayembeba mtoto aliyelala, na Mama Kalamu, ofisa mawasiliano wa hospitali, tumempa jina hilo kwa sababu hanyooshi kidole, hunyoosha kalamu, anainyoosha sasa, "Kwa hiyo mgonjwa yuko kwenye tovuti ya macho, akibonyeza hapa anafika dharura mpya moja kwa moja?" Moja kwa moja, nasema. "Hapotei?" Hapotei. Hapotei, nimesema, siku thelathini na mbili tangu tumzike mama na mdomo umesema hapotei bila hata kukauka, labda ndivyo mtu anavyokuwa, labda kuna watu wanaoishi hivi miaka yote, wanakula, wanapanda ngazi, wanachagua rangi, makaburini wanawake walinikazia macho wakisubiri nilie, jikaze, wakaniambia, nami sikuwa na cha kukaza, nilikuwa nahesabu vifungo vya koti la mjomba, sita, kimoja si cha jozi yake, halafu nikavihesabu tena, na dada yangu alikuwa amenishika mkono, mkono wake ulikuwa na jasho, wangu ulikuwa mkavu... "Na hapo mwanzo ilikuwaje?" anauliza Mama Kalamu, na bosi ananijibia, hapo mwanzo kila tovuti ilisimama peke yake, viungo vilikuwa huku chini, kila kimoja kinabadilishwa kwa mkono, dharura ilipohamia jengo jipya upande wa pili wa mji ilibidi kuingia tovuti moja moja, kazi ya kuchosha, anasema, lakini mwenzetu hapa aliimaliza, na ananitazama, nami natabasamu, mashavu yanajua kazi yake. Aliimaliza. Nilimaliza tatu. Ya nne, ya macho, ilikuwa Ijumaa alasiri, nikasema Jumatatu, kazi ya dakika mbili, na kazi ya dakika mbili ndiyo husahaulika, ya siku mbili humkaba mtu mpaka aimalize, Jumatatu likaja jambo lingine, kiungo kikabaki kikielekea ukurasa wa zamani wenye ramani ya jengo la zamani, na mimi sikukiona mpaka wiki moja baada ya mazishi, nimekaa kwenye meza yangu nakagua, nikabonyeza, nikaona lile lango la zamani kwenye picha, nikakirekebisha, dakika mbili kweli, nikaenda kunywa maji. Sikumwambia mtu. Nilijiambia dada anaujua mji kama kiganja chake, hakuhitaji tovuti, na yeye mwenyewe alisema ni foleni, mama alibanwa na kifua Jumanne saa nne asubuhi, wakaita teksi, foleni ikawakamata darajani, wakafika saa tano na nusu, daktari akasema hata mngewahi... akaishia hapo, hakuimaliza sentensi, akaitwa chumba kingine. Foleni. Na shangazi mkubwa, ambaye mdomo wake hauna breki, amekuwa akija kila Jumapili na neno lile lile, "Foleni gani hiyo saa nne asubuhi? Ungemgongea jirani mwenye gari. Ungeondoka mapema, mwanangu, ungeondoka mapema," na dada anamimina chai, nami nimekaa pale, simtetei, kwa sababu... sema ukweli, hapa hakuna anayekusikia... kwa sababu na mimi nilimlaumu, nilimwona akilini anamtafutia mama kitenge kizuri, anatafuta funguo, anafunga madirisha, dada na madirisha yake, na wiki mbili sasa simu yake ikiita naiacha iite mpaka ichoke. "Sasa huu ukurasa wa zamani," anasema Mama Kalamu, "bado upo? Kuna mtu anaufungua kweli? Tuufute." Na bosi, tuangalie takwimu kwanza, anafungua, miezi miwili, jedwali linapanda ukutani, karibu tupu, anacheka kidogo, "Mgeni mmoja. Mmoja tu, mara mbili." Jumanne. Saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, kwa simu, ametokea kliniki ya macho. Nasoma tena. Ametokea kliniki ya macho, kwa sababu mama alitolewa mtoto wa jicho pale, na tovuti ile niliiweka mimi kwenye simu ya dada, kwa vidole vyangu, tumekaa jikoni, nikamwambia ukitaka chochote cha hospitali, dada, anzia hapa, na yeye akasema haya mtaalamu wetu, akacheka, na akaanzia pale. Hapakuwa na foleni. Palikuwa na lango limefungwa kwa mnyororo, na mlinzi labda, akawaambia walishahama hawa, na mama kwenye kiti cha nyuma, na dada anageuza teksi, anavuka mji mzima kurudi... na mstari wa pili, Jumanne ile ile, saa tisa alasiri, mama ameshafariki, simu ile ile, ukurasa ule ule, kisha ameshuka hadi chini kabisa, ambako hakuna mtu anayeshuka, akabonyeza maneno Imetengenezwa na, akafika kwenye tovuti ya kampuni yetu, ukurasa wa wafanyakazi, dakika kumi na moja. Mle ndani kuna watu wanne. Kuna picha yangu, nimekunja mikono, nacheka, na chini yake zimeandikwa kazi nilizofanya, tovuti ya kliniki ya macho ikiwemo. Dakika kumi na moja alinitazama. Halafu jioni nilipoingia nyumbani akainuka katikati ya watu wote, akanikumbatia, akasema sikioni, kisha akasema tena kwa sauti ili wote wasikie, "Foleni, mdogo wangu. Ilikuwa foleni," na shangazi alipotaka kuuliza akamkatiza, dada ambaye hajawahi kumkatiza mkubwa, "Shangazi, nimeshasema." Alikuwa anajua. Jumapili zote hizi anajua, anamimina chai, anapokea maneno yaliyonistahili mimi, na simu anazopiga, alikuwa anataka kujua kama nimekula... "Tuufute, au?" Mama Kalamu anauliza, nami nashika ukingo wa meza, nao ni baridi, ni baridi kweli, na bosi anasema taratibu, "Uko sawa?" na jedwali liko ukutani, kalamu bado imenyooka, wote wawili wananisubiri niseme neno moja juu ya ukurasa, na mimi natafuta neno jingine, sentensi ya kwanza, ile ambayo Jumapili hii nitamwambia shangazi mkubwa usoni, dada akiwa amekaa pale pale, asikie.