Mlango Namba Elfu Nane

Usiku wa jana niliota nimemaliza kuijenga ile programu ya kutunza nakala za mafaili. Siku tatu nzima nilikuwa nahangaika kuiunda mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yale maandishi ya kuielekeza kompyuta, maana kompyuta yangu imeanza kugoma, na humo ndani ndimo ulimo ujumbe wa mwisho wa mama, aliourekodi hospitalini kabla hajafariki. "Zubeda mwanangu, leo nimekunywa uji wote. Mwambie baba yako..." Unakatika hapo. Kila Ijumaa baba ananiuliza kutoka Korogwe aliachiwa neno gani, nami sina la kumjibu. Inaniuma.

Katika ndoto programu inagoma kuwaka. Inasema imekosa kitu kimoja.

"Kitu gani tena?" nauliza. Nimeshachoka nayo.

"Mlango namba elfu nane. Kila programu husikiliza kupitia mlango wake wenye namba; siwezi kusikiliza bila mlango."

Nang'oa mlango wa ofisini kwangu, naubeba kichwani. Ninapoutua niko jikoni kwetu Korogwe, na mlango umeandikwa 8000 kwa chaki. Programu inabandika sikio pale. Sikujua kama ina sikio.

"Kuna mtu upande wa pili," inasema. "Anasubiri kurudishwa."

"Ni mama?"

"Ni nakala. Na nakala ambayo haijawahi kurudishwa haihesabiki. Ndiyo sheria."

"Basi mrudishe."

"Juu ya nini? Kinachorudi hufunika kilichokuwepo. Toa kitu kinacholingana naye."

Natoa sufuria. Programu inaipima, inasema ni kubwa mno. Natoa koti la baba. Linapwaya.

"Sauti inakaa penye sauti, Zubeda," linasema jiko la mkaa. "Usijifanye hujui."

Naogopa. Lakini nimechoka pia na zile Ijumaa.

"Chukua yangu," nasema. Sisemi neno jingine ndotoni humo.

Mlango unafunguka kiasi cha kupitisha vidole. Inaingia harufu ya dawa za wodini, halafu mama anaongea, bila haraka, kama aliyekwenda kwa jirani mara moja.

"Mwambie baba yako afunge mlango akilala. Asiuache wazi kwa ajili yangu. Nitagonga."

Niliamka kumekucha. Kompyuta ilikuwa mezani, imezimika kabisa, na hata nilipobonyeza haikuwaka. Nililia kidogo, nikajikaza. Nikampigia baba nimpe neno lake kabla sijalisahau.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Badala ya marahaba, nilimsikia akivuta kiti, akikaa. Nikadhani mtandao unasumbua.

"Baba, unanisikia?"

"Mama Zubeda?" akauliza polepole. "Ingia tu. Mlango sijaufunga."