Sisi Anakaa Nyumba ya Mwisho

Siwezi kutamka neno moja la Kipolandi, na bila neno hilo mama mkwe hatupokei. Bi Bronisława alimwambia mke wangu Grażyna: mumeo aombe mwenyewe, kwa lugha yangu, na usimnong'oneze. Neno lenyewe ni przyjechalibyśmy, yaani tungekuja. Nimempigia mara mbili, na mara zote mbili nimelikata mkia, likawa wangekuja. Akina nani hao? akauliza, akakata simu. Leo saa kumi alasiri napiga tena. Nimeshakula, nimejinyoosha kwenye kochi, nalirudia neno kimoyomoyo, na kochi linageuka barabara.

Barabara haina mwisho. Kila nikikata kona najikuta nilipoanzia, na mji ulio kando umegeuzwa kama kwenye kioo, vibao vyake vinasomwa kutoka kulia. Begani nina gunia zito. Mtu asiye na uso ananisubiri, kavaa kofia ya kondakta wa treni. Umebeba nini, Shemdoe? Sijui. Umebeba mkazo wa neno lako, mzee, utue panapostahili, usije ukabomoa nyumba za watu. Mbele yetu kuna nyumba sita zilizoshikana, silabi za neno langu: Pshi, Ye, Kha, Li, Bi, Shmi. Nagonga ya kwanza, maana kwetu Tanga sisi hutangulia, tu-ngekuja, tu kwanza, mengine baadaye. Mwanamke anacheka dirishani. Sisi hakai hapa, baba, hapa anakaa Kufika. Ye na Kha ni Safari, Li ni Wengi, Bi ni yule Nge wa kwenu, wa tungekuja. Na Sisi je? Mwenye safari ndiye anayefunga mlango, anajibu asiye na uso. Ongea kama mtu! Mimi nimeishia darasa la sita, mafumbo siyawezi. Ndiyo maana kila siku unaishia nyumba ya tano, ananiambia.

Naona aibu, natembea. Nyumba zinasogea kadiri ninavyosogea. Ninapoifikia ya tano nalitua gunia, kwa kuwa ni ya pili kutoka mwisho, na kila neno la Kiswahili hulemewa hapo. Ukuta unapasuka. Wee! anafoka Bi, mimi mgeni tu hapa! Hata mimi, anasema Shmi kutoka jirani, tumehamia juzi, wageni hatuhesabiwi. Nahesabu upya bila wao. Pshi, Ye, Kha, Li. Ya pili kutoka mwisho ni Kha. Kumbe sheria ni ileile ya kwetu! Namtulia Kha gunia, na taa zinawaka nyumba hadi nyumba mpaka kwa Shmi, mlango wake unafunguka, na ndani tumekaa sisi: Grażyna, binti yetu Zawena, na mimi. Pshi-ye-KHA-li-bi-shmi, nasema, hadi mkia.

Basi njooni, mnangoja nini? inajibu sauti ya Bi Bronisława.

Nafumbua macho. Simu iko sikioni, ina joto, imeshakatika, na sikumbuki kuibonyeza. Grażyna amesimama mbele yangu. Amesemaje? Amesema njooni, au nimeota. Anachukua koti la mtoto. Twende tukaone, anasema.

Sijui niko upande gani, wa ndoto au wa macho. Ila gharama ya kulikosea neno hilo haikuwa ndoto: Krismasi nne, mazishi ya baba mkwe, na meno matatu ya utoto ya Zawena ambayo bibi yake hakuyaona yaking'oka.