Swali la Kwanza la Fundi Kufuli

Mlango ukikugomea katika mtaa ule, jina la kwanza utakalotajiwa ni Fundi Kufuli. Makufuli ya chuma, vitasa vya kisasa, masanduku ambayo wenyewe wamesahau namba zake, vyote kwake ni mchezo. Anainama, anasikiliza, anatekenya kidogo kwa waya wake, mlango unacheka. Lakini Jumapili hiyo, tangu saa nne asubuhi, alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake mbele ya kiboksi cheupe chenye vitaa vitano vya kijani, na kiboksi hakikucheka hata kidogo. Aliyecheka ni mkewe.

"Baba Dereva, ukimaliza kusali hapo uniambie nipige deki."

"Sisali. Natengeneza ruta."

"Mbona kila baada ya dakika nasikia 'Ee Mungu wangu'?"

Fundi alikuwa na shida kubwa kuliko deki. Saa nane kamili mchana ilikuwa lazima ile mashine nyeusi ya gemu, iliyokaa chini ya televisheni, iwe imeingia kwenye intaneti. Ikishindikana, basi tena.

Mashine ilikuwa ya binti yao wa pekee, ambaye nyumba nzima ilimwita Dereva tangu alipokuwa na miaka sita, akikata kona jikoni na mfuniko wa sufuria mkononi kama usukani. Alipomaliza shule alikaa karakana na baba yake miaka miwili, akajifunza kazi mpaka mkono wake ukawa mwepesi kuliko wa mwalimu. Fundi akaanza kuota kibao kipya: "Fundi Kufuli na Binti". Kisha jioni moja Dereva akasema amepata kazi kwenye kiwanda cha vioo, safari ya siku mbili kutoka hapo. Fundi akasusa. Siku ya safari hakwenda hata kituoni, akajifanya ana kitasa cha haraka.

Toka hapo, miezi saba sasa, mazungumzo yao ya simu yalikuwa hivi:

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

"Haya."

"Haya, nakupa mama yako."

Zamani haikuwa hivyo. Zamani kila Jumapili walikaa kwenye kochi lile lile, pedi mikononi, wakishindana mbio za magari, na hapo ndipo Fundi alipoyajua yote: mwalimu gani anaonea, rafiki gani amenuna, mtoto anaogopa nini. Binti huyo, kama baba yake, akitazamwa usoni anakuwa bubu. Mpe gari la kuendesha kwenye televisheni, ulimi unateleza wenyewe.

Wiki mbili nyuma Dereva alikuwa amenunua mashine yake huko aliko, akamwandikia mama yake: "Mwambie Baba, Jumapili ya tarehe kumi na nane nina mapumziko saa nane hadi saa tisa. Aingie mtandaoni tushindane. Baada ya hapo nahamishiwa zamu ya Jumapili kutwa nzima, mpaka mwaka uishe."

Fundi alipoambiwa alisema "Mmh" tu. Mkewe, anayeijua lugha hiyo, alimwona akiivuta mashine usiku ule ule, akiigeuza geuza, akiandika kitu kwenye daftari lake. Kwa hiyo alijua "Mmh" hiyo ilikuwa na mbawa.

Na sasa hii hapa, Jumapili yenyewe, na televisheni imeandika: "Imeshindwa kuunganishwa. Jaribu tena baadaye."

"Baadaye lini?" Fundi aliiuliza televisheni. "Taja saa!"

Alikuwa ameandika paswedi mara kumi na moja, herufi moja moja kwa pedi, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele. Alikuwa ameizima ruta na kuiwasha mara saba. Aliitoa dirishani akaipandisha juu ya kabati, akaishusha kwenye stuli, hatimaye akampakatisha mkewe.

"Niibembeleze?" mkewe aliuliza.

"Itulize tu, usiitikise."

Kilichomuuma zaidi ni kwamba simu ya mkewe ilikuwa inatumia ruta hiyo hiyo bila mchezo. Mchekeshaji mmoja alikuwa anapayuka humo bila kukwama hata nukta moja. Intaneti ilikuwepo! Mashine ya gemu iliiona, ikalitaja hadi jina lake, ikapokea paswedi, halafu mlangoni ikarudishwa.

Saa sita alipiga simu kwa kampuni ya intaneti. Alipigiwa kinanda dakika ishirini na tano, akapokelewa na dada mwenye sauti ya asali.

"Je, mpendwa mteja, taa za ruta ni za kijani?"

"Kijani kama majani."

"Je, umejaribu kuizima na kuiwasha?"

"Mara saba."

"Naomba uizime na kuiwasha."

Fundi alifumba macho. Aliizima. Aliiwasha. Ya nane.

"Je, tatizo limeisha?"

"Dada yangu, tatizo ndio kwanza linanenepa."

Basi yule dada akamwambia kwamba nyuma ya ruta kuna kitundu kidogo. Akichomeka sindano humo kwa sekunde kumi, ruta itarudi kama ilivyotoka kiwandani. "Ila mipangilio yote itafutika, mpendwa mteja, na fundi wetu atafika kuiweka upya kuanzia kesho."

"Kesho? Mimi nina shida na saa nane!"

"Asante kwa kuwa nasi," alisema dada, na kinanda kikarudi.

Saa saba na nusu Fundi Kufuli alikuwa ameshika sindano. Kichwa kilikuwa kinawaka moto. Miaka thelathini ya kufungua milango ya watu, na leo anadhalilishwa na kiboksi kisicho hata na tundu la ufunguo. Kina kitundu cha sindano! Alilenga. Mkewe akamdaka kifundo cha mkono.

"Unataka kufanya nini?"

"Namaliza ubishi."

"Ukikichoma, intaneti yenyewe inakufa mpaka kesho. Utakuwa umemaliza ubishi au umemaliza Jumapili?"

"Sasa nifanye nini, Mama Dereva? Nifanye nini ambacho sijafanya?"

Mkewe aliiweka ruta chini. Alikuwa karani wa stoo ya dawa hospitalini, mtu wa kuhesabu maboksi bila haraka, na sauti yake ilitulia vile vile.

"Mteja akija karakana amefungiwa nje, analia, anataka uuvunje mlango. Swali lako la kwanza huwa ni lipi?"

Fundi alijibu bila kufikiri, kama mwanafunzi: "Nani aliufunga mara ya mwisho?"

Uso ukamshuka taratibu.

Aliyeufunga alikuwa yeye.

Mwaka uliopita majirani walikuwa wamegundua paswedi yake. Kila jioni chini ya dirisha lake kulikuwa na mkutano wa hadhara, watu wameinamia simu kama wanaomboleza. Kubadilisha paswedi hakukusaidia, ilivuja tena. Ndipo Fundi, kwa akili ya kazi yake, alipoingia kwenye mipangilio ya ruta akaweka sheria ya karakana: kila kifaa kina namba yake ya kuzaliwa, na asiyeandikwa haingii, hata awe na paswedi. Namba za walioruhusiwa aliziandika kwenye daftari lile lile analoandikia funguo za wateja.

"Lakini mashine imo!" alisema, akakimbilia daftari. "Niliiandika siku ile ile, na kwenye ruta nikaiingiza. Tazama! Mstari wa tisa: mashine ya Dereva. Na tiki nimeweka."

"Tiki ni wino tu," alisema karani wa stoo. "Nionyeshe boksi."

Wakafungua ukurasa wa mashine wenye namba zake. Fundi akasoma kwenye daftari, tarakimu moja moja, mkewe akifuatisha kwa kidole kwenye televisheni. Zilifanana zote kumi na mbili. Fundi alikuwa anajiandaa kutamba, kidole cha mkewe kikashuka mstari mmoja.

"Na hii ya chini je? Iko ukurasa wa ngapi wa daftari lako?"

"Ipi ya chini?"

"Hapa pana namba mbili, mume wangu. Ya juu wameandika ni ya kuingilia kwa waya. Ya chini ndiyo ya kuingilia hewani. Wewe umeruhusu ya waya."

Fundi aliangalia. Kila siku ya Mungu huwauliza wateja, "Mlango wa mbele au wa nyuma?" Yeye mwenyewe alikuta namba ya kwanza, akaandika, akaweka tiki, akaenda kulala.

"Basi tutumie waya!" alipiga kelele. "Ruta ilikuja na waya wake. Uko wapi?"

Mkewe alitazama pembeni. "Uani. Nimeanikia soksi zako."

Alitoka mbio, akarudi amekunja uso. Waya ulikuwa umepigwa jua mwaka mzima, ncha zake zimevunjika. Soksi zilikuwa safi.

Simu ya mkewe ikalia, ujumbe wa Dereva. Saa nane kamili. "Niko ndani. Baba yuko wapi?"

Ikabidi Fundi aingie kwenye mipangilio ya ruta kwa simu yake, kwa dole gumba lililozoea nyundo. Tarakimu kumi na mbili. Mara ya kwanza alikosea ya saba. Mara ya pili ukurasa ulimwambia amekaa sana, aingie upya. Mara ya tatu simu ikataka kujua kama angependa kuipa nyota tano.

"Nikupe nyota au nikupe kofi?"

"Soma polepole," alisema mkewe. "Mimi naandika."

Simu ya mkewe ikalia tena. Mkewe aliusoma ujumbe kimoyomoyo, kisha kwa sauti: "Imebaki nusu saa. Mama, kama Baba hataki, aseme tu. Sitakasirika."

Fundi aliitazama ruta.

"Mwambie... mwambie ruta ni mbovu."

"Ni mbovu?"

Fundi aliinamia daftari.

"Basi utamwambia mwenyewe," alisema mkewe, na akabonyeza kuhifadhi.

Ruta ikajizima yenyewe. Taa zikazimika moja baada ya nyingine. Fundi alikaa mbele yake amekumbatia magoti, akiitazama kama mtu anayesubiri daktari atoke. Ikawaka moja. Ikawaka ya pili. Ya tatu ilifikiria sana. Saa nane na dakika thelathini na nane, televisheni ikaandika: "Umeunganishwa." Fundi alivaa vipokea sauti vya masikioni kinyume, mkewe akamgeuzia.

"Baba?" Sauti ilikuwa karibu, kama ya mtu wa kwenye kochi. "Ulikuwa wapi?"

Uongo alikuwa nao tayari, umepangwa vizuri: kampuni, mitambo, umeme. Lakini magari yalishaondoka, vidole vilikuwa vinakata kona ya kwanza, na ulimi ukateleza.

"Nilikuwa nje ya mlango. Nilioufunga mwenyewe."

Upande wa pili kikaja kicheko ambacho hajakisikia miezi saba. "Fundi Kufuli! Hukuuliza swali la kwanza?"

"Aliuliza mama yako."

"Angalia, unaingia mtaroni."

Aliingia mtaroni. Akatoka, akakata kona mbili.

"Siku ile sikuja kituoni," alisema.

"Najua, Baba. Mimi nilikuwepo."

"Nilikuwa na kitasa."

"Hukuwa na kitasa."

"Sikuwa na kitasa," alikubali Fundi, na gari lake likagonga ukuta.

Walishindana mizunguko mitatu, akashindwa yote, akaisingizia pedi. Saa tisa kasoro dakika mbili Dereva alisema lazima aondoke, na Jumapili ndio hivyo tena, hakuna. Siku yake ya mapumziko itakuwa Jumanne.

"Basi Jumanne," alisema Fundi.

"Jumanne karakana iko wazi, Baba. Hujawahi kuifunga siku ya kazi hata ukiwa na homa."

"Jumanne itafungwa saa nane hadi saa tisa."

"Na wateja wakiuliza nani kafunga?"

Fundi aliangalia daftari lililokuwa wazi pale mkekani, mstari wa tisa wenye tiki yake ya kiburi.

"Nitawaambia ni mimi," alisema. "Safari hii nimekumbuka."