Hali Ibaki Kama Ilivyo

Saa tano kasorobo asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Julai, feni tatu kati ya nne za Chumba Namba Saba cha Mahakama Kuu zilikuwa zinazunguka. Jaji aliusikiliza upande mmoja, akausikiliza wa pili, akanywa maji, kisha akaamuru kwamba mpaka shauri litakapoamuliwa, hali ya pande zote ibaki kama ilivyo. Karani aliandika. Shauri lililofuata likaitwa.

Ugomvi ulihusu nafasi moja ya uzamili wa ukunga katika chuo cha udaktari cha serikali. Nafasi hiyo ilikuwa imetengwa kwa madaktari waliotumikia milimani, na ilipewa Daktari Poongodi, ambaye kwa miaka sita alikuwa daktari pekee wa kituo cha afya cha Pachaikombai. Daktari Nirmal, kijana wa mjini aliyemzidi alama, alipinga. Wakili wake alieleza kwamba kuishi mlimani si mtihani.

Siku hiyo Poongodi alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nirmal alikuwa na mafua.

Agosti, Sista Arokiamary, muuguzi wa kituo, alimpima Poongodi tumbo kwa utepe. Septemba akampima tena na kupata urefu uleule. Alisikiliza moyo wa mtoto, na ulikuwa unapiga vizuri.

“Hajakua,” alisema.

“Amedhoofika?”

“Hapana, Daktari. Amesimama tu.”

Poongodi alimpigia simu wakili wake, Bwana Thiyagu. Wakili alisema amri za namna hiyo huwa zinashika sana. Alikuwa na mteja wa shauri la shamba ambaye jino lilikuwa likimuuma tangu jaji aliyetangulia. Aliuliza kama mama na mtoto walikuwa na afya. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi hakuna sababu ya kuomba shauri lisikilizwe kwa haraka.

Nyumbani, mama mkwe wa Poongodi, Rukkumani, alikuwa ameshanunua bangili za kioo, nyekundu na kijani, za kumvisha mkwewe katika mwezi wa saba wa mimba, kama desturi inavyotaka. Jamaa walikuwa wamealikwa. Aliwatumia ujumbe kwamba mwezi wa saba umeahirishwa. Jirani mmoja aliuliza kama huyo mjukuu anasubiri kupandishwa cheo kwanza. Rukkumani aliacha kuchota maji kwenye bomba la upande ule.

Shauri liliahirishwa kwa sababu jaji alihamishwa, kisha kwa sababu wakili wa serikali alikuwa na harusi, kisha bila sababu. Kila lilipotajwa, Poongodi alishuka mlima kwa basi la alfajiri. Mwaka wa pili alimkuta Nirmal kwenye benchi la ukumbini, leso mkononi.

“Bado?” Nirmal aliuliza, akitazama tumbo.

“Bado. Na wewe?”

“Si unaniona? Dada, achia tu hiyo nafasi, sote tupumzike.”

“Uliyeshtaki ni wewe, mdogo wangu. Futa kesi.”

“Baba ameshamlipa wakili.”

“Basi endelea kupiga chafya.”

Akaendelea. Poongodi alimpa vidonge alivyokuwa navyo kwenye mkoba, ingawa wote wawili walijua havingesaidia.

Muda wote huo chuo hakikumchukua mtu mwingine. Nafasi ilibaki tupu, maana hali yake nayo ilikuwa imeamriwa ibaki. Pachaikombai, wajawazito waliokwama kujifungua waliendelea kuteremshwa kwa gari hadi hospitali ya wilaya. Mwaka wa tatu, msichana aitwaye Kuppayi alitokwa damu akafa kwenye kona, kabla gari halijafika uwanda. Poongodi alikuwa ameketi kando yake, ameshika chupa ya dripu. Alijua ni upasuaji gani ungemwokoa. Hakuwa amefundishwa kuufanya.

Bwana Thiyagu alikuwa amekwisha kueleza njia fupi. Kama Poongodi angeandika kwamba ameacha madai yake, shauri lingekufa, amri ingekufa nalo, na mtoto angeendelea pale alipoachia. Rukkumani naye alisikia hayo. Kisha jioni moja, akichambua mchele, akaanza.

“Mwanangu, iachie hiyo nafasi.”

“Nikiiachia, mama, anakwenda mtu wa mjini, na akimaliza atabaki mjini. Kuppayi alikuwa na miaka kumi na tisa.”

“Na mjukuu wangu ana mingapi?”

Poongodi alifikiri. Mumewe, aliyekuwa akisoma gazeti, naye alifikiri. Rukkumani akarudi kwenye mchele wake.

Hukumu ilitolewa mwaka wa nne, kurasa sitini na moja. Ilisema kutenga nafasi kwa madaktari wa milimani ni halali, na kwamba Poongodi alistahili kupewa ile aliyopewa. Ilisema pia kwamba nafasi ya mwaka mmoja haihamii mwaka mwingine, kwa hiyo hakikuwapo tena cha kumpa. Amri ya muda ikaondolewa. Kabla hajafika mwisho wa ngazi, Nirmal alikuwa anapumua kwa matundu yote mawili ya pua. Alimpungia Poongodi mkono akaenda zake. Basi lilipoanza kupanda mlima, mtoto alipiga teke.

Bangili alivishwa mwezi wa saba wake ulipotimia, na jamaa wakaja. Rukkumani alimwomba akae nyumbani mpaka ajifungue. Lakini huo ulikuwa mwaka wa mwisho ambao kanuni zilimruhusu kwa umri wake, na Pachaikombai bado haikuwa na mkunga bingwa. Mwezi wa nane wa mimba aliketi tena kwenye chumba cha mtihani wa uzamili, bangili zikigonga meza. Alifaulu. Alipewa nafasi ileile, iliyotengwa, ya mwaka mpya. Daktari mwingine aliyemzidi alama, ambaye hakuwahi kumwona, alikwenda mahakamani.

Uchungu ulimwanza kituoni, asubuhi, siku ya kliniki. Sista Arokiamary alimlaza kwenye kitanda cha kujifungulia na Rukkumani akamkanda mgongo. Ilipofika saa sita mchana njia ilikuwa karibu kufunguka yote. Uchungu ulikuja, ukapita. Sista aliweka mkono juu ya tumbo kusubiri mwingine. Alisubiri muda mrefu. Kisha simu ikalia, na alikuwa Bwana Thiyagu.

Sista alimsikiliza hadi mwisho, akakata simu.

“Ni amri ileile,” alisema. “Umebahatika, Daktari. Imetolewa katikati ya uchungu na uchungu.”

Rukkumani aliuliza lini shauri litasikilizwa. Sista alisema baada ya likizo ya mahakama.

Poongodi alibaki amelala kidogo, akitazama dari. Kisha akaomba asaidiwe kuketi. Alifunga nywele, akashuka kitandani polepole, akiwa ametanua miguu kwa sababu ya kichwa cha mtoto, akauliza kuna wagonjwa wangapi nje. Sista alikwenda kuangalia. Walikuwa kumi na wanne. Poongodi alisema aitwe wa kwanza.