Kidari cha Hamid

Wanaume wa Kibokoni walinung'unika niliposema nitamuosha mume wangu mwenyewe. Wanung'unike mpaka wachoke. Sheria inamruhusu mke, na mwili wa Hamid niliujua mimi kuliko waosha maiti wote wa mtaani. Shemeji yangu Kamaludin, nduguye Hamid, alikubali kunitilia maji, na pazia likafungwa uani ili watu waliojaa barazani wasituone.

Asubuhi ile Hamid alikuwa amekwenda Liwatoni kutengeneza injini ya mashua ya uvuvi, mzima, akilalamika kwamba chai haina tangawizi. Kabla ya adhuhuri wenzake wakanirudishia amefunikwa shuka. Kaanguka tu, walisema. Mwanamume mwenye nguvu zake, anaanguka tu!

Nilianza na upande wa kulia kama ilivyo ada. Nilipofika kifuani, mkono wangu chini ya kitambaa ukasimama. Kidari kilibonyea.

Mimi ni mkandaji. Wanawake wakishajifungua huniita mimi, na waliotegua bega huniita mimi, kwa hivyo kifua cha binadamu nakijua kwa vidole. Mbavu zote huanzia nyuma, kwenye uti wa mgongo. Jozi saba za juu huzunguka mpaka mbele zikashika mfupa wa kidari, kila ubavu kwa kipande chake cha gegedu, ule mfupa laini unaopinda. Jozi tatu zinazofuata hazifiki kidarini. Huegemea gegedu ya ubavu ulio juu yake. Mbili za mwisho hazina pa kushika mbele. Na zote hupanda na kushuka pamoja mtu avutapo pumzi. Kwa Hamid, kidari na mbavu vilikuwa vimeachana. Kilicheza chini ya kiganja changu kama jino bovu.

"Hazikwi leo," nikasema. "Huyu kapigwa."

Kamaludin aliweka kata ya maji chini. "Shemeji, maneno gani hayo?"

"Mbavu zimevunjika. Njoo ushike."

Hakuja. "Tukiita polisi watampeleka akapasuliwe. Wataka ndugu yangu apasuliwe?"

Sikutaka. Kifua kile nilikilalia tangu nilipokuwa mwari, na kuwaza kisu juu yake kulinishinda. Lakini nimzike, naye aliyempiga yuko barazani kwetu anakunywa kahawa? Hilo lilinishinda zaidi.

"Waite," nikamwambia.

Kabla hajajibu, mtu akakohoa nyuma ya pazia. Alikuwa Chirau, fundi mwenzake Hamid, Mdigo mpole aliyemleta maiti nyumbani. Nilikuwa nimeingia eda ya kufiwa, naye si wa nyumba hii, hakuweza kufungua pazia. Alisema akiwa hukohuko.

"Bi Manar, asipelekwe. Ni mimi."

Kamaludin akaruka. Nikamshika kanzu.

"Alishika kifua akaanguka kando ya injini," Chirau akasema. "Hana pumzi, hana mshipa upigao. Kazini walitufunza huduma ya kwanza kwa sanamu ya mpira. Nikaweka viganja katikati ya kidari, nikabonyeza. Nalisikia kitu kikialika. Sikuwacha, nikazidi. Niliogopa kukwambia. Wewe wajua mifupa. Ni mimi nilomuua?"

Nilirudisha mkono kifuani nikatafuta polepole, ubavu baada ya ubavu. Ubavuni palikuwa pazima, wala hapakuwa na alama ya teke wala gongo. Palipovunjika ni mbele, pale mbavu zinaposhikana na gegedu, kulia na kushoto vilevile. Mtu hapigwi hivyo. Hivyo ni mtu aliyepigiwa magoti, akabonyezwa na mwenye kumtaka arudi.

Nilikasirika, wallahi. Nilitaka adui. Nilitaka jina la kumlaani usiku na mchana eda yangu yote, na sasa sikuwa na mtu. Hamid alikuwa amekufa tu, kama walivyosema.

"Si wewe," nikamwambia. "Moyo ulishasimama kabla hujamgusa. Mbavu huvunjika mtu akibonyeza sawasawa."

Nilimsikia akivuta pumzi ndefu. "Mungu akulipe, Bi Manar."

Kamaludin akaokota kata. Nilipaswa kunyamaza hapo, mambo yaishe kwa heshima. Nikajaribu. Nikachukua kitambaa nikakipitisha juu ya kidari kwa wepesi, nikichunga nisimuumize, na nilipojiona nachunga hivyo, machozi yakanishinda.

"Chirau."

"Naam."

"Mbona uliwacha?"

Nikapitisha vidole kwenye mbavu zilizosalia.

"Zilibaki mbavu nzima, Chirau. Nimezishika. Mbona uliwacha? Ungezivunja zote!"

Nyuma ya pazia mwanamume mzima alilia kwa sauti, na Kamaludin, bila kunitazama, akaanza kumimina maji.