Tope la Lambo

Kwa miaka mingi Scholastika alikuwa akipima maji ya lambo moja mbele ya Iguguno. Kila masika na kila kiangazi alitoka nyumbani kwake Mandewa na sanduku la barafu, akafika kwenye tuta la lambo kwa bodaboda, akaingia majini mpaka magotini na kujaza chupa zake. Maabara walitafuta humo vitu visivyoonekana kwa macho: risasi, shaba, zebaki. Upande wa juu wa kijito kilicholeta maji lamboni palikuwa na waosha dhahabu, nao walinasa dhahabu yao kwa zebaki.

Majibu yalirudi mazuri kila mara. Wa kwanza kuyaulizia alikuwa Agripina, mjane aliyevua kambale lamboni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wamesemaje huko?"

"Maji hayana neno, mama."

"Haya, kaa ule."

Scholastika alikaa, akala ugali wa uwele na kambale wa kukausha. Mwaka ambao Anastazia, mke wa Gabrieli mwana wa Agripina, alikuwa mjamzito, Scholastika alimwona Agripina akimchagulia mkwewe samaki wanono, akimsimamia mpaka amalize. Gabrieli alikuwa kwenye vibarua vya mbali. Wanawake hao wawili waliishi kama mtu na mwanawe.

Mtoto akazaliwa, wakamwita Enock. Shingo yake haikukaza. Umri wa kutambaa ulimkuta amelala palepale alipowekwa, vidole vimejikunja, macho yakipita juu ya nyuso za watu. Hospitali walisema ni ubongo, chanzo hawakukijua. Agripina alimlisha mchuzi wa samaki kwa kijiko, akimpapasa koo taratibu ili ameze.

Ndipo kazini kwa Scholastika likatoka agizo jipya: pamoja na maji, tope na samaki vipimwe pia. Zebaki, walielezwa, haikai sana majini. Hutua chini, hukaa kwenye tope, na kutoka hapo huingia kwa samaki. Agripina mwenyewe ndiye aliyemchagulia kambale wa kupeleka.

Majibu yalipotoka, maji yalikuwa vilevile. Lakini tope lilikuwa na zebaki nyingi, na wale kambale hawakufaa kuliwa na mtu, sembuse mwenye mimba. Scholastika aliomba aende yeye kusema, kabla kijiji hakijaitwa mkutanoni.

Alimkuta Agripina barazani, Enock mapajani. Ndani, Anastazia alikuwa akipepeta mtama.

"Mama, samaki wa lambo wana zebaki. Msiwale tena."

"Imeingia lini?"

"Tope lile limejilimbikiza miaka mingi."

"Kabla ya huyu?"

"Inaelekea hivyo."

"Basi ni mimi niliyemlisha."

"Mama, hakuna anayeweza kusema hivyo. Watoto huzaliwa hivi kwa sababu nyingi. Kipimo cha samaki hakisemi habari za mtoto."

"Lakini hakikatai."

"Hakikatai, mama."

Ungo ulikuwa umenyamaza. Anastazia alitoka, akamchukua mwanawe kutoka mapajani mwa bibi yake, polepole, kama anayeogopa kumwamsha, akaingia naye ndani. Mikono ya Agripina ilibaki imekaa vile ilivyokuwa imemshika.

Uvuvi ulipigwa marufuku, na waosha dhahabu wakaondolewa kijitoni. Majira ya baridi Enock alishikwa na kifua, akafa. Baada ya maziko Anastazia alifungasha vitu vyake, akarudi kwa wazazi wake Ilongero.

Scholastika aliendelea kwenda lamboni, kwani kazi hiyo haina mwisho wa haraka. Zebaki topeni ilianza kupungua kidogo kidogo. Siku alipotaka kumweleza, Agripina alimzuia kwa mkono.

"Usiniambie, mwanangu. Nikisikia inapungua, nitauliza mbona haikupungua mapema."

Kisha Agripina akamwomba jambo moja: amsindikize Ilongero. Peke yake hakuweza.

Walikwenda. Anastazia alikuwa uani, akianika alizeti juu ya turubai. Aliwaona tangu mbali, akaendelea kutandaza mbegu kwa viganja mpaka walipofika karibu kabisa. Kisha akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

Agripina alijishusha chini kwa shida, akaketi palepale kwenye udongo kando ya turubai. Anastazia hakumkumbatia, wala hakumfukuza. Baada ya kitambo alimsogezea kigoda, na Agripina alipokosa nguvu za kuinuka, alimshika kwapani akamkalisha.

Scholastika alitoka akasimama nje ya ua. Kutoka ndani alisikia kilio cha mtu mmoja, halafu cha wa pili.